Usiseme Sijambo: Nilivyodai Fidia ya Jeshi Nikiwa Pemba

Nilitoka Wete alfajiri, gari mpaka Mkoani, boti mpaka Malindi. Nikalala Unguja kwa dada yangu, na kesho yake nikapanda boti nyingine kwenda Dar es Salaam. Safari yote hiyo kwa ajili ya miadi isiyofika saa moja. Daktari alikuwa kijana mpole, Mtanzania mwenzangu, aliyepewa kazi na kampuni yenye kandarasi ya kuwapima askari wa zamani wa Marekani wanaoishi nje. Akanivutia kiti. "Karibu, kaka. Habari za safari? Unaendeleaje?"

Nikamjibu kama nilivyolelewa. "Sijambo, alhamdulillahi."

Usingizi je? "Tunalala, tunashukuru." Mgongo? "Unauma, lakini ndiyo umri tena." Akaniambia niiname taratibu, naye ameshika kipimo cha pembe mkononi. Niliinama mpaka ncha za vidole zikakaribia viatu, meno nimeyauma, maana mtu mzima haonyeshi maumivu yake mbele ya mtu asiyemjua. Akaandika. Nikamshukuru, nikamwombea dua, nikarudi Pemba na matumaini makubwa.

Miezi minne baadaye barua ikaja kutoka Idara ya Maveterani ya Marekani: ulemavu wangu ni asilimia 20. Kumi za mgongo, kumi za mlio wa masikio. Pumu imekataliwa, hakuna uthibitisho wa maradhi. Kiwewe cha vita kimekataliwa, mwombaji mwenyewe ameeleza kuwa analala na hana tatizo.

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yangu. Hakuna aliyenidhulumu. Ndiyo maana naandika, kwa ajili ya wenzangu wa visiwani waliopita njia hiyo hiyo: kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, jeshi, kisha kurudi nyumbani na mambo wasiyoyasema. Tupo wachache, lakini tupo. Na najua tulivyo. Tumelelewa kwenye sitara tangu wadogo. Mtu akikuuliza hali, unamshukuru Mungu kwanza, na mara nyingi hapo ndipo unapoishia. Dai la ulemavu linataka kitu ambacho hatukufunzwa, yaani kumwambia mtu mgeni kabisa, kwa maneno yaliyonyooka, wapi panauma, kila lini, na kwa sababu yake huwezi kufanya nini.

Mimi niliondoka Pemba mwaka 2006 kwa bahati nasibu ya viza. Nikafikia Columbus, Ohio, nikafanya kazi maghalani, kupakia na kupakua. Mwaka 2008 nikajiunga na jeshi. Si lazima uwe raia. Kadi ya kijani inatosha, na uraia niliupata nikiwa ndani. Mafunzo ya mwanzo nilifanyia Fort Jackson, South Carolina, ya udereva wa malori Fort Leonard Wood, Missouri. Mwaka 2010 nikapelekwa Afghanistan, kambi ya Bagram, nikakaa mwaka mzima.

Pale Bagram taka za kambi zilichomwa kwenye mashimo ya wazi. Plastiki, mipira, betri, makopo ya rangi, mabaki ya chakula, vyote pamoja. Moshi ule una utamu fulani mchafu unaoganda kooni. Ukinywa maji unashuka nao, ukiamka asubuhi uko pale pale. Wakati ule hakuna aliyelalamika, tulikohoa tukaendelea na kazi. Barabarani nako kulikuwa na mabomu ya kufukiwa. Moja lililipua lori lililokuwa mbele ya langu. Sitaeleza zaidi hapa, nimeshaeleza panapostahili. Tangu siku hiyo masikio yangu yana mlio kama wa nyenje, usiku na mchana, hata sasa ninapoandika.

Niliacha jeshi mwaka 2014. Kabla ya kuondoka walituweka darasani wakatufundisha kuhusu madai. Walisema wazi kwamba unaweza kuanza siku 180 mpaka 60 kabla ya kuondoka (siku hizi ni 180 mpaka 90), na kwamba ukidai ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha jeshi, malipo yatahesabiwa kuanzia siku inayofuata ile uliyoondoka. Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Lakini mawazo yalikuwa nyumbani, na nikiwaangalia wenzangu waliokatwa miguu niliona haya hata kuchukua fomu. Nikakaa miaka tisa.

Haya hiyo ilinifuata mpaka Pemba niliporudi mwaka 2019. Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Kwetu kilema ni mtu aliyepungukiwa na kiungo. Ami yangu alipopata habari kwamba nataka kudai, aliniangalia toka juu mpaka chini. "Mikono miwili, miguu miwili, macho mawili. Ulemavu uko wapi, mwanangu?" Hakukusudia ubaya. Ilinibidi nimweleze kwamba sheria ya Marekani haiangalii kiungo kilichokatika tu. Inaangalia jeshi limekuondolea kiasi gani cha uwezo wako wa kufanya kazi na kuishi, na inakipima kwa asilimia, kuanzia sifuri mpaka 100, kumi kumi.

Kilichoniamsha ni ujumbe wa sauti kutoka kwa rafiki yangu wa jeshini anayeishi Texas. Ilikuwa Novemba 2023. Akanieleza kuhusu sheria inayoitwa PACT, iliyosainiwa na Rais Biden tarehe 10 Agosti 2022. Kwa sheria hiyo, aliyetumika Afghanistan, Iraq au nchi nyingine zilizotajwa, hata Djibouti, akipata maradhi fulani ya kifua au saratani fulani, halazimiki kuthibitisha kwamba yametokana na moshi. Serikali yenyewe inachukulia kuwa ndivyo. Pumu imo, mradi iwe imegunduliwa baada ya utumishi. Halafu akaniambia jambo lililonikata maini: waliowahi kuwasilisha mpaka tarehe 14 Agosti 2023 walihesabiwa malipo yao tangu siku ile sheria iliposainiwa. Nilichelewa kwa miezi mitatu tu.

Usiku ule ule nikajaza Fomu 21-0966. Hii ni ya kutangaza nia ya kudai, basi. Jina, namba, saini. Lakini siku inapopokelewa ndiyo siku ambayo malipo yako yataanza kuhesabiwa, ukishinda, ilimradi ukamilishe dai lenyewe ndani ya mwaka mmoja. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila askari wa zamani akijue, ni fomu hii. Nimekutana na mtu aliyekaa miaka miwili akikusanya vyeti ili apeleke dai lililokamilika, na miaka miwili hiyo ikampotea bure. Weka tarehe kwanza, vyeti utavitafuta baadaye.

Vyangu vilinitoa jasho. Cheti cha kuachia jeshi, ambacho askari wote wanakiita DD 214, Mama aliniwekea vizuri sana kwenye bahasha, ndani ya sanduku la mbao mvunguni mwa kitanda. Nilipolifungua nilikuta mchwa wameshafika. Robo ya juu, yenye jina na namba, imebaki unga. Nikaomba nakala kwa Fomu SF-180 kutoka hifadhi ya kumbukumbu za askari iliyoko St. Louis, Missouri, na pia nikaomba rekodi zangu za matibabu jeshini. Zilipokuja, kurasa mia na kitu, nilizisoma moja moja usiku. Mahali pamoja, mwaka 2011, muuguzi ameandika kwamba nimefika nalalamika mgongo baada ya lori kuruka shimo, nimepewa vidonge na siku mbili za kazi nyepesi. Mistari mitatu. Nilikuwa nimeisahau kabisa, nayo ndiyo iliyonipa kumi za mgongo.

Mama alikuwa akiniangalia na makaratasi yangu, akashangaa. Yeye hupokea Pensheni Jamii ya Serikali ya Mapinduzi, ile iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa kila mzee aliyefikia miaka 70. "Mimi waliniuliza umri tu," akasema. "Wewe mbona wanakuuliza mengi?" Nikamwambia, yako ni ya umri, na umri hauna ubishi. Yangu ni ya maradhi, nao wanataka mambo matatu. La kwanza, maradhi unayo sasa, na daktari ameyaandika. La pili, kuna jambo lilitokea jeshini. La tatu, kuna kiungo kati ya hayo mawili. Kiungo hicho hakitakiwi kiwe cha yakini. Daktari akiandika kwamba uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, inatosha, kwa sababu sheria inasema ushahidi ukilingana kwenye mizani, shaka impendelee askari.

Kwa pumu, sheria ya PACT ilikwisha kunipa la pili na la tatu. Nililokosa ni la kwanza. Miaka yote mitano ya Pemba nilikuwa nikibanwa na kifua naingia duka la dawa, nanunua dawa ya kuvuta, natoa pesa, naondoka. Hakuna cheti, hakuna jina, hakuna tarehe. Kwa macho ya mtu aliyekaa ofisini Marekani, mimi sikuwahi kuumwa pumu hata siku moja. Ndugu zangu, mtu wa kwetu anaweza kuumwa miaka kumi pasiwe na karatasi moja ya kumshuhudia. Hata kisomo nilichosomewa na sheikh wetu, na kombe nililokunywa, vilinituliza moyo, na namshukuru. Lakini hakuna mahali pa kuviambatanisha.

Basi baada ya barua ile ya asilimia 20 nilikaa kama wiki mbili sina hamu ya kitu. Wakati huo huo wakaanza kunitafuta watu wa kampuni moja kwa simu na ujumbe. Watanitengenezea dai, watanipandisha mpaka 100, nami niwape malipo ya miezi kadhaa. Sheria hairuhusu mtu kutoza pesa kwa kuandaa dai la mwanzo, na hata mwanasheria lazima awe ameidhinishwa na Idara ya Maveterani, tena anaruhusiwa kutoza baada tu ya uamuzi wa kwanza kutoka. Nilikaribia kukubali, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Rafiki yangu wa Texas ndiye aliyenizuia. Akanielekeza kwa DAV, shirika la askari wenye ulemavu lililopo tangu 1920, ambalo maofisa wake huwasaidia askari bila senti moja.

Nilizungumza na ofisa wao saa kumi jioni yetu, kwao saa tatu asubuhi ndiyo wanafungua. Alikuwa ameshaisoma barua yangu yote. Hakunilaumu. Akaniuliza, "Ndani ya nyumba yako, nani anakuona unapolala?" Nikamwambia mke wangu. "Basi yeye ndiye shahidi wako. Mwache aseme, na wewe usiwepo."

Kuna fomu ya ushahidi wa mtu wa kawaida, 21-10210. Mke au mume, jirani, uliyetumika naye, yeyote aliyeona kwa macho yake anaweza kuandika. Mke wangu hana Kiingereza, nami sikutaka kutafsiri maneno yake juu yangu mwenyewe. Nikamwita mpwa wangu, mwalimu wa skuli, aandike kwa Kiswahili, atafsiri, kisha atie saini kama mtafsiri. Siku hiyo wakakaa ukumbini, mimi nikatoka nikakaa barazani. Dirisha lilikuwa wazi. Sikukusudia kusikiliza, lakini sikunyanyuka.

"Andika," alisema. "Mume wangu halali kitandani. Hulala ukumbini, chini, uso ameelekeza mlangoni. Nikitaka kumwamsha kwa sala ya alfajiri simgusi. Nasimama mbali nikamwita jina mara tatu. Mwaka juzi nilimgusa bega, akanikamata mkono mpaka ukavimba. Watu nikawaambia nimeteleza kisimani."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kalamu ya mpwa wangu ikikwaruza.

"Andika na hili. Yeye anadhani majirani wameacha kuchoma taka. Hawakuacha. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikawaomba, wangoje mpaka aende msikitini sala ya Isha. Wakishamwona amepita kona, ndipo wanawasha. Nami nafunga madirisha, nachoma udi, mpaka akirudi harufu imeondoka. Sasa ni miaka mitatu."

Nilikuwa nimekaa pale na mikono magotini. Kweli nilikuwa nikijiambia kwamba hali yangu imekuwa nzuri, kwamba ule moshi umenitoka kichwani. Kumbe mtaa mzima ulikuwa ukinichungia hali yangu, na mke wangu anaubeba usiku wangu peke yake. Alipotoka akanikuta. Hakuuliza kama nimesikia. Akasema tu, "Mficha uchi hazai, baba watoto," akaingia jikoni.

Baada ya hapo nikafanya niliyokuwa nikiyakwepa. Nilipanda boti kwenda Unguja, nikaenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Kila Mzanzibari anajua jina hilo linavyotajwa mitaani kwa kebehi, na nilivuka lango nimeinamisha uso. Ndani nilikuta daktari aliyenisikiliza muda mrefu kuliko mtu yeyote kabla yake. Nilirudi kwake mara nne. Akaandika jina la maradhi yangu na tarehe, na kunianzishia dawa. Kifua nacho nikakipima hospitali, nikapuliza kwenye mashine, nikaandikiwa dawa ya kuvuta kila siku. Hiyo "kila siku" ina uzito. Kwa pumu, dawa ya kuvuta ya mara moja moja ni asilimia 10, ya kila siku ni 30. Nilikuwa nikiitumia kila siku tangu zamani, ila hapakuwa na mahali palipoandikwa.

Machi 2025 nikapeleka Fomu 20-0995, ya dai la nyongeza lenye ushahidi mpya. Ukiipeleka ndani ya mwaka mmoja tangu uamuzi, hupotezi tarehe yako ya mwanzo. Wakanipangia vipimo tena, Dar es Salaam, daktari mwingine, mama wa makamo.

Safari hii niliposalimiwa nilisema, "Alhamdulillahi kwa kila hali, daktari, lakini siko vizuri, na nimekuja kukueleza." Nikamweleza. Aliponiambia niiname niliinama mpaka pale maumivu yanapoanza, nikasema "hapa", naye akapima hapo hapo. Nikamwambia nilikuwa mpanda mikarafuu, sasa hata kuokota karafuu zilizodondoka siwezi zaidi ya dakika kumi bila kulala chali. Aliponiuliza mara ngapi kwa mwezi mgongo unanilaza kabisa, nilikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeandika kwenye daftari: mara tatu, mara nne. Sikuongeza hata chembe. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoshauri mtu atie chumvi, aingie na fimbo asiyoitumia nyumbani. Hiyo ni haramu, na rekodi zako zitakuumbua. Mimi kosa langu lilikuwa kupunguza, na kupunguza nako si ukweli.

Uamuzi ulitoka Agosti. Kiwewe 50, pumu 30, mgongo 20, masikio 10. Ami yangu akajumlisha haraka, "Hizo 110!" Hawajumlishi hivyo. Wao wanaanza na mtu mzima, yaani 100. Chukua mkate wa kumimina, kata nusu ya kwanza: imebaki 50. Asilimia 30 ya kilichobaki ni 15, sasa umepoteza 65, imebaki 35. Asilimia 20 ya hiyo ni 7, umefika 72, imebaki 28. Kumi ya hiyo ni 2.8, unafika 75 kwa kukaribisha. Halafu wanapeleka kwenye kumi iliyo karibu, na 75 inapanda, 80. Bila ile kumi ya masikio ningekuwa 72, na ningeshushwa 70. Na mlio wa masikio ndio niliokuwa sitaki hata kuutaja, nikiuona jambo dogo la kujidhalilishia.

Kuanzia asilimia 30 wanakuongezea kwa mke na watoto. Anayeishi Marekani mara nyingi anaaminiwa kwa maneno. Anayeishi nje lazima atume vyeti. Kwa hiyo nikarudi tena kwenye makaratasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, tafsiri ya kila kimoja. Upo pia mpango wa kulipia matibabu ya nje ya Marekani kwa maradhi yaliyokubaliwa, na stakabadhi za dawa yangu ya pumu sasa naziweka kwenye kopo la bati ambalo mchwa hawaingii. Malipo yalihesabiwa tangu Novemba 2023, ule usiku wa ile fomu.

Majirani nimewaendea mwenyewe, nimewashukuru. Bado wanangoja Isha.

Wiki iliyopita alinipigia kijana wa Chake Chake, ametoka jeshini mwaka huu, amepewa namba yangu na mtu. Tukasalimiana. Nikamuuliza hali. "Sijambo, kaka, alhamdulillahi," akasema, "ni vitu vidogo vidogo tu." Nikamwambia, mdogo wangu, hivyo vidogo vidogo ndivyo ninavyotaka kuvisikia, kimoja kimoja, na kesho nitakuja mpaka kwako unielezee. Lakini kabla hujalala leo, fungua hiyo simu yako, ujaze 21-0966.